Paa la Garsen na Msamiati Unaoezuliwa

Utangulizi

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Methali hii hutajwa mara nyingi katika mihadhara ya fasihi simulizi, nayo hufasiriwa kuwa onyo kwa wanaoridhishwa na sura ya nje ya jambo. Mwanafunzi akishaifasiri hivyo huendelea na methali nyingine. Ni nadra kuombwa aingie ndani ya nyumba yenyewe, ainue macho, kisha ataje kwa jina kila mti unaomkinga na jua na mvua. Lau angeombwa, yamkini angejibu kwa neno moja tu: paa. Akishurutishwa kuongeza, angesema mbao, misumari na mabati, kisha angenyamaza.

Makala haya yanashikilia kwamba kimya hicho ni aibu kwa taaluma ya Kiswahili, na kwamba kina madhara kwa watu wasiojua lolote kuhusu taaluma hiyo. Mfano utakaotumiwa ni Garsen, katika kaunti ya Tana River nchini Kenya. Garsen ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Malindi kwenda Garissa hupita hapo, na hapo ndipo lilipo tawi liendalo Witu na Lamu. Wapokomo wakulima wa kando ya mto, Waorma na Wardei wafugaji, Wamijikenda, Wabajuni na wengineo hukutana sokoni, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Aidha, katika mji huo na vijiji vinavyouzunguka mtu ataona aina nyingi za mapaa kwa mwendo wa siku moja: paa la nyasi, la makuti, la mabati, na nyumba ya mviringo ambayo hata neno paa lenyewe haliitoshi. Kwa hiyo ni mahali pafaapo kuuliza swali hili: je, Kiswahili kina maneno ya kuvitaja viungo vya paa, na ikiwa kinayo, yanaelekea wapi?

Viungo vya Paa

Jibu la sehemu ya kwanza ya swali ni kwamba maneno yapo, tena yamepangika kwa utaratibu unaofuata kazi yenyewe. Lugha hutofautisha kwanza hatua mbili ambazo wengi siku hizi huzichanganya. Kupaua nyumba ni kuinua na kufunga miti ya paa. Kuezeka ni kufunika miti hiyo kwa makuti, nyasi au mabati. Nyumba iliyopauliwa bado haijaezekwa, na anayelala ndani yake ataloa. Nayo nyumba iliyoezuliwa, yaani iliyoondolewa kifuniko, huenda bado imepauliwa vizuri. Vitenzi viwili hivi peke yake vyatosha kumaliza ugomvi mwingi wa malipo baina ya fundi na mwenye nyumba.

Baada ya vitenzi huja nomino. Katika nyumba ya pembe nne ya miti na udongo, nguzo huchimbiwa ardhini kwanza. Juu ya nguzo za kuta hulazwa mti unaoitwa mtambaapanya. Jina hili ni sitiari kamili iliyotokana na jicho la mtu aliyelala chali usiku na kumwona panya akipita juu ya ukuta. Katikati ya nyumba nguzo ndefu zaidi hubeba mwamba, yaani mti wa juu kabisa, penye mgongo wa paa. Kutoka mwamba hadi mtambaapanya hushuka makombamoyo, miti mirefu iliyonyooka ambayo ndiyo mbavu za paa. Juu ya makombamoyo hufungwa pau au fito, zikilazwa kwa kukingama, na juu ya hizo hufungwa makuti.

Makuti nayo si ya aina moja. Makuti ya viungo ni yale ambayo majani yake yamenyofolewa kwenye uti na kushonewa upya juu ya kijiti, nayo hasa ndiyo ya kuezekea. Makuti ya kumba ni yaliyosukwa yakiwa bado kwenye uti wake, na hufaa zaidi kwa nyua. Kazi ya kuezeka huanza chini na kupanda juu, ili kila safu iilalie ile iliyo chini yake na maji yateremke bila kupata mwanya wa kuingia. Fundi akianza juu, amejenga chujio.

Paa likikamilika, miteremko yake nayo ina majina. Ile mikubwa miwili huitwa vipaa: kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma. Miteremko midogo ya ncha mbili za nyumba huitwa visusi. Sehemu inayochomoza nje ya ukuta ni upenu, na maji yanayodondoka kutoka ukingoni mwake hufanya mchirizi. Ndani ya nyumba, panapowekwa kizuizi baina ya chumba na paa, hicho ni dari. Dari si paa, ingawa insha nyingi za wanafunzi humwambia msomaji kwamba mhusika alilala akilitazama paa ilhali nyumba aliyolazwa ni ya ghorofa.

Mpangilio huu wa majina wafuata njia unayopitia uzito. Kuti hulemea pau, pau hulemea kombamoyo, kombamoyo hulemea mwamba kwa juu na mtambaapanya kwa chini, na hiyo miwili huupeleka mzigo kwenye nguzo, nazo nguzo huufikisha ardhini. Anayeyajua majina haya kwa utaratibu wake anaijua pia sababu ya nyumba kusimama. Anayejua neno paa pekee anajua tu kwamba kuna kitu juu ya kichwa chake.

Neno Moja, Maana Mbili

Haifai, hata hivyo, kudai kwamba msamiati huu ni safi usio na utata. Maelezo ya neno mwamba hayalingani kila mahali: wapo wanaoliweka kwa mti wa mgongo pekee, na wapo wanaolitumia kwa mti wowote uliolazwa juu ya nguzo. Neno upau nalo lina maisha mawili. Kwa mwezekaji, upau hutambulishwa na mahali pake: ni mti mwembamba unaofungiwa makuti. Kwa mfanyabiashara wa mikoko wa Lamu, pau hutambulishwa na unene wake. Biashara hiyo hupanga miti kutoka myembamba hadi minene kwa majina yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kisha vigingi na banaa. Fito haifiki sentimita 4 za kipenyo, na boriti hukaribia sentimita 12 au 14. Miti hiyo huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Kwa hiyo mtu wa Garsen anayeagiza korija moja ya boriti ametaja idadi na unene kwa maneno mawili tu, na muuzaji hahitaji kumwuliza zaidi.

Neno sakafu nalo lina kisa. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ni paa. Katika nyumba za mawe za pwani, boriti hupangwa toka ukuta hadi ukuta, juu yake hutandazwa mawe na chokaa, kisha hupigiliwa mpaka pakawa pagumu. Kifuniko hicho ni paa kwa aliye chini na ni pa kukanyaga kwa aliye juu. Kiswahili kiliichukua maana ya aliye juu, na leo sakafu ni mahali pa kuweka miguu. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba vya Lamu, na ndiyo sababu vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, upana wake usizidi sana mita 3. Historia ya mji mzima imehifadhiwa katika neno moja la ujenzi, nalo halisomwi.

Nyumba Isiyo na Ukuta

Viungo vilivyotajwa vyote vinadhania nyumba yenye kiambaza na paa, vitu viwili vilivyotengana. Kandokando ya Garsen dhana hiyo yakosa mashiko. Nyumba ya jadi ya Waorma ni ya mviringo. Hujengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na kukutanishwa juu, kisha hufunikwa kwa nyasi au mikeka. Wapokomo nao hapo zamani walikuwa na nyumba za nyasi zilizofanana na mzinga, kabla ya nyumba ya pembe nne kuenea. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna mtambaapanya, kwa kuwa hakuna ukuta wa kuulalia. Hakuna kombamoyo, kwa kuwa ufito mmoja huanza ardhini ukiwa nguzo na kuishia kileleni ukiwa mbavu. Hakuna upenu, kwa kuwa paa lashuka mpaka chini.

Mwandishi wa riwaya akimweka mhusika wa Kiorma ndani ya nyumba hiyo kisha akasema kwamba mvua ilipenya baina ya paa na ukuta, amejenga nyumba isiyokuwepo duniani. Mfasiri wa ripoti ya misaada akiandika kwamba kuta za kijiji cha wafugaji zimebomoka ila mapaa yamesalimika, ameandika jambo lisilowezekana. Kiswahili hakina budi kuyauliza Kiorma na Kipokomo majina ya viungo vya nyumba hizo, kama kilivyokwisha kuviuliza Kiarabu na lugha nyingine za Bahari ya Hindi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kilichokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kinaitaka dola iendeleze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Kukusanya maneno hayo ni kutii vifungu vyote viwili vya amri hiyo kwa pamoja.

Gharama ya Kutojua

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapambo ya wanaisimu. Mto Tana wawajibu. Mto huo ulifurika mwaka 1961, ukafurika tena wakati wa El Niño ya miaka ya 1997 na 1998, kisha mwaka 2018, kisha mwishoni mwa mwaka 2023, na tena Aprili na Mei 2024. Kila mara familia za Tana ya chini hulazimika kuhamia mahali palipoinuka, na kila mara hurudi na kujenga upya.

Katika nyumba ya miti iliyokandikwa, udongo haubebi paa. Maji yakikaa siku nyingi, udongo hulegea na kuanguka, lakini nguzo zikiwa nzima paa hubaki limesimama juu ya fito tupu. Mwenye nyumba wa namna hiyo anahitaji udongo, maji na mikono ya kukandika. Jirani yake, ambaye nguzo zake zilikwisha kuliwa na mchwa na kuoza shinani, anahitaji miti mipya kuanzia chini. Wa tatu amevunjikiwa na mwamba, naye anahitaji mti mmoja mrefu na watu wa kuuinua. Hizi ni hasara tatu zenye gharama tatu tofauti. Mwandishi wa takwimu anayejua neno moja tu ataandika mara tatu kwamba nyumba imeharibika, na msaada utakaoletwa utakuwa wa aina moja kwa wote watatu.

Upepo nao una hoja yake. Paa la makuti ni zito kiasi na hupitisha hewa. Paa la mabati ni jepesi na haipitishi, hivyo upepo ukiingia chini ya upenu hulisukuma juu. Kiungo kinachoamua kama litang'oka au litasalia ni pale kombamoyo linapofungwa kwenye mtambaapanya. Mjane wa Garsen anayelipa fedha za mavuno yake kujengewa nyumba ana haki ya kumwuliza fundi: umelifungaje kombamoyo hapo? Akikosa maneno, atauliza tu kama paa ni imara, naye fundi atajibu kwamba ni imara. Hivyo ndivyo ujinga wa msamiati unavyomnyima mtu nguvu mbele ya anayemlipa. Hali ni ile ile dukani: asiyeambiwa kwamba bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28 atadhani amepewa lililo zito zaidi, kwa kuwa nambari yake ni kubwa.

Jinsi Maneno Yanavyoondoka

Maneno haya yanaondoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuondoka pamoja na kitu chenyewe. Nyumba nyingi mpya zilizoezekwa kwa mabati zina miteremko miwili tu, na ncha zake huzibwa kwa ukuta. Nyumba hizo hazina visusi, na mtoto aliyezaliwa ndani yake hana sababu ya kulijua neno kisusi. Kifo cha namna hii ni cha kawaida katika lugha, na kinachotakiwa ni kuliweka neno katika kumbukumbu kabla ya kusahauliwa.

Njia ya pili ndiyo ya kulaumiwa. Hapa kitu kipo, neno lipo, lakini neno limefukuzwa. Fundi kijana wa Kenya husema rafta akimaanisha kombamoyo, gata akimaanisha mfereji wa maji ya mvua, na hununua mbao za tu-bai-fo. Hakufundishwa vinginevyo, kwani chuo cha ufundi alikosomea kilimfundisha kwa Kiingereza. Tanzania fundi mwenzake husema kenchi, husema kupaua, na huvika mgongo wa bati kofia. Haielekei kuwa fundi wa Garsen ana kipawa kidogo cha lugha kuliko yule wa Tanga au Morogoro. Tofauti ni kwamba mmoja alisikia Kiswahili kikitumiwa darasani na kwenye zabuni, na mwingine alikisikia sokoni tu.

Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba makala haya yanawatakia watu wa Tana warudi kwenye makuti. La hasha. Mabati huteka maji safi ya mvua, hudumu, na hayashiki moto kwa cheche. Katika mapigano ya mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 katika Delta ya Tana, nyumba za Wapokomo na za Waorma ziliteketezwa. Aliyeshuhudia paa la nyasi likiwaka hahitaji mhadhara wa kumsifia nyasi. Mtu na aezeke kwa apendacho. Kinachotetewa hapa ni majina, na mengi ya majina hayo, kama vile kupaua, mwamba, kombamoyo, kipaa na upenu, yanafaa kwa mabati sawasawa na yalivyofaa kwa makuti.

Pingamizi la pili ni kwamba ukopaji si dhambi. Ni kweli. Sakafu na dari ni maneno ya kukopa, na hakuna anayetaka kuyarudisha yalikotoka. Lakini mkopaji mwenye busara hukopa asichokuwa nacho. Kumkaribisha mgeni kwa kumtoa mwenyeji nje si ukarimu.

Pingamizi la tatu hutoka ndani ya idara za Kiswahili zenyewe: kwamba kazi hii ni ya wahandisi, na mwanafasihi ana nadharia zake za kushughulikia. Jibu limo katika tasnifu zao. Kila mtahiniwa huandika sura ya kiunzi cha nadharia, kisha akaeleza mihimili ya nadharia aliyoichagua. Kiunzi ni fremu ya miti. Mhimili ni nguzo inayobeba. Hata ubeti, ambao wanafunzi huhesabu mizani yake, umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, kwani wataalamu wa arudhi tangu Khalil bin Ahmad wa karne ya 8 waliliona shairi kama hema na wakaviita baadhi ya vipande vyake kamba na vigingi. Taaluma ya fasihi imejengwa kwa maneno ya mafundi. Yashangaza kwamba inawaona mafundi hao kuwa watu wa nje.

Yafaayo Kutendwa

Krapf katika kamusi iliyochapishwa 1882, Madan mwaka 1903 na Johnson mwaka 1939 walikusanya maneno ya ujenzi kwa kuwauliza wenyeji, au kwa kuwategemea waliowauliza. Kamusi nyingi za baadaye zimeyarithi bila kurudi kwa fundi kuona kama bado yanasemwa, na kwa maana ipi. Kazi ya kwanza ni kurudi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza atokaye Garsen, Ngao, Kipini au Hola, anayehangaika kutafuta mada ya mradi wake, anayo tayari nyumbani kwa nyanya yake. Na achore nyumba, aandike jina la kila kiungo, aulize wazee wa pande zote za mto, na aonyeshe mahali ambapo majibu yametofautiana. Mchoro ni lazima, kwani fasili ya kombamoyo kwa maneno matupu humwacha msomaji akiwa gizani.

Kazi ya pili ni ya idara. Msamiati maalumu hufundishwa kwa mifano ya benki, mahakama na hospitali. Ujenzi haustahili kusahauliwa, kwa kuwa si kila mtu huenda mahakamani ila kila mtu hulala chini ya kitu. Kazi ya tatu ni ya vyuo vya ufundi vya pwani na Tana, ambavyo vingeweza kuanza kwa jambo dogo: orodha ya ukurasa mmoja ukutani mwa karakana, majina ya Kiswahili upande mmoja na ya Kiingereza upande wa pili. Fundi akihitimu akiwa na yote mawili hajapoteza chochote.

Hitimisho

Paa haling'oki lote kwa siku moja. Huanza kuti moja kulegea penye upenu, kisha la pili, na mwenye nyumba huona ni jambo la kungojea kiangazi. Msamiati nao huondoka vivyo hivyo, neno moja moja, na kila neno likionekana dogo mno kupigiwa kelele. Kizazi kilichopo bado kina wazee Garsen wanaoweza kusimama chini ya nyumba iliyopauliwa na kuitaja yote, kutoka mwamba hadi mchirizi, bila kusita. Wasomi wa Kiswahili wana kalamu, wana vyumba vya mihadhara na wana majarida. Waliobaki na maneno na walio na kalamu hawajakutanishwa, na masika hayangoji.